Tunguu na Safari za Angani: Hadithi Tuliyowaachia Wengine Waichore



Kila tunapokutana katika siku yetu ya mwaka, mazungumzo huanza na walimu, yakaja kwenye mpira, na mwisho yakafika kwenye vitabu tulivyokuwa tukiazimana kwa siri darasani. Katika makala haya nataka kulizungumza jambo moja linalohusu vitabu hivyo, nalo ni hadithi za picha, yaani katuni, na khasa zile za safari za angani na sayansi ya siku zijazo. Swali langu ni hili: kwa nini sisi wa kisiwa hiki, kilichowahi kuzungumza na wanaanga wakati ambapo nchi chache sana duniani zilikuwa na bahati hiyo, tuliziacha hadithi za anga karibu zote zichorwe na watu wengine?

Sikuuliza swali hili kwa kujifurahisha. Watoto wetu wa leo wanayajua majina ya vyombo vya angani vya kubuni vya Marekani na vya Japani, lakini ukiwauliza kuhusu Tunguu ya mwaka 1962 watakutazama tu. Ili kulijibu swali lenyewe yafaa tuanze hapohapo Tunguu, tumwangalie mwandishi mmoja wa kwetu, kisha tuwatazame wachoraji wa Kiswahili wa bara, na mwisho tumsikilize mtu mmoja wa mbali aliyechora hadithi ya anga kila siku kwa miaka 20.

KITUO CHA TUNGUU

Mwaka 1958 Marekani iliunda shirika lake la mambo ya anga, NASA, na mwaka huohuo ikauanza mpango ulioitwa Mercury, wa kumpeleka mtu angani na kumrejesha salama. Moja katika matatizo makubwa ya mpango ule lilikuwa namna ya kumsikia mtu huyo akiwa huko juu. Mawimbi ya redio yaliyotumika hwenda moja kwa moja, na dunia ni mviringo. Chombo kinachozunguka kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 28,000 kwa saa, kilomita 160 hadi 260 hivi juu ya ardhi, husikika na kituo kimoja kwa dakika chache tu, kisha huzama upande wa pili wa upeo. Dawa yake ilikuwa kupanga vituo kuizunguka dunia, kama watu wanaopokezana ndoo za maji nyumba inapoungua. Kimoja kikimwacha mwanaanga, kingine kimpokee. Vilikuwa vituo 18, viwili kati ya hivyo vikiwa ndani ya meli.

Njia ya chombo ilikata Afrika kutoka magharibi kwenda mashariki. Kano, katika Nijeria, ilipewa kituo kimoja, na Unguja kingine. Baada ya Unguja mwanaanga alipokelewa na meli iliyokuwa katika Bahari ya Hindi, kisha na Australia. Mapatano yalitiwa saini Oktoba 1960 baina ya Marekani na Uingereza, kwani wakati ule Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Waingereza. Kituo kikajengwa Tunguu, mahali ambapo mwanakijiji alikuwa akienda shamba asubuhi na kurudi jioni.

Tarehe 20 Februari, 1962, John Glenn aliizunguka dunia mara tatu katika muda wa saa nne na dakika 55, akawa Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Alipopita juu yetu, aliyezungumza naye kutoka kituoni alikuwa daktari. Alitakiwa avute kamba ya mpira iliyokuwa imefungwa ndani ya chombo, ili upimwe msukumo wa damu yake na mapigo ya moyo wake. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Katika mzunguko wa kwanza wa Mmarekani wa kwanza, moyo wake ulisikilizwa kutoka baina ya minazi na mikarafuu ya Unguja. Mwaka huohuo walipita Scott Carpenter mwezi wa Mei na Walter Schirra mwezi wa Oktoba. Mei 1963 akapita Gordon Cooper, aliyeizunguka dunia mara 22.

Lakini hapana budi tuseme pia kwamba kituo kile hakikupendwa na kila mtu. Miaka ile ilikuwa ya siasa kali, na wapo waliokipinga kwa kuona kwamba kilikuwa mlango wa mambo ya vita, na kwamba nchi ndogo ilikuwa ikiingizwa katika ugomvi wa wakubwa bila ya kuulizwa. Waliokiweka walisema ni cha utafiti wa amani. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, Serikali mpya ilitaka kiondolewe, na Aprili 1964 likatolewa tangazo la kukifunga. Kazi yake ikahamishiwa Madagaska. Leo mtu akitaja Tunguu, kijana hufikiri vyuo vikuu vilivyoko huko, na ni vyema afikiri hivyo. Hata hivyo ni ajabu kwamba kisa chenye kijiji, wageni, mitambo, maandamano na sauti itokayo mbinguni hakikupata mchoraji.

TULIYOYASOMA NA TULIYOYATAZAMA

Si kweli kwamba vijana wa Mji Mkongwe hawakuwa na hamu ya mambo ya ajabu. Sinema za Majestic pale Vuga, Empire pale Darajani na Cine Afrique pale Malindi zilikuwa zikijaa. Katuni za Kiingereza zilipita mkono kwa mkono mpaka zikapoteza jalada. Nyumbani, wazee walitusimulia habari za Giningi, mji wa wachawi, ambako watu hwenda usiku na kurejea kabla ya alfajiri bila ya jirani kujua. Nahodha wa jahazi alizijua nyota kwa majina yake, akazitumia kwenda na kurudi. Wenzetu wa Makunduchi walikuwa, na mpaka leo wangali, wakiusherehekea Mwaka Kogwa kwa hesabu ya mwaka wa jua. Mtoto aliyekulia katika hayo hawezi kuambiwa kwamba anga ni kitu kigeni kwake.

Basi tatizo halikuwa upungufu wa mawazo. Wala halikuwa kwamba aina ya hadithi iliyozaliwa ng'ambo haiwezi kukubali Kiswahili. Dalili ya hilo ni mtu mmoja wa Makunduchi.

SOMO LA BWANA MSA

Marehemu Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa katika Idara ya Afya kuwa mkaguzi. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata akafanya kazi pia katika Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akapewa uhariri wa Mkulima, jarida la mambo ya kilimo, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 1968. Huyu ni mtu ambaye kazi iliyomlisha ilikuwa afya ya mji, habari za magazeti, na mbolea na mbegu. Hakuna aliyemlipa mshahara ili abuni hadithi.

Lakini katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, hadithi yake ilipata nafasi ya kwanza. Ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Ndani yake tulimkuta Bwana Msa, mtu wa kiko na fikra ndefu, na rafiki yake Najum. Kila aliyesoma habari za Sherlock Holmes na Watson alitambua mara moja ukoo wao. Na juu ya hayo hakuna aliyesema kwamba Bwana Msa ni Mwingereza. Mwandishi aliichukua namna ya hadithi iliyotoka katika ukungu wa London, akaiweka penye mzimu, mahali ambapo watu walikuwa tayari kuamini kwamba aliyeuawa ameuawa na mashetani. Bwana Msa akaja akauliza maswali, akapima nyayo na maneno ya watu, akaonyesha kwamba aliyeua ni binadamu. Alipofanya hivyo mwandishi hakuwa akiiga tu. Alikuwa ametia ndani ya hadithi mjadala uliokuwamo katika nyumba zetu wenyewe, baina ya hofu ya kale na akili ya kupima.

Baada ya hapo vilikuja Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976 na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Hivyo ni vitabu saba katika miaka 24. Alifariki mwaka 1991. Wengine wakamfuata njia hiyo, kama vile Faraji Katalambulla wa bara, aliyetoa Simu ya Kifo mwaka 1965.

Tujifunze mambo mawili hapa. Kwanza, mtu wa ridhaa, yaani afanyaye kitu kwa kukipenda, aweza kuianzisha aina nzima ya hadithi katika lugha yake ikiwa tu atadumu nayo. Pili, alipata mlango wa kutokea. Palikuwa na mashindano, palikuwa na shirika la kuchapisha, na palikuwa na skuli zilizovinunua vitabu hivyo na kuwapa watoto kama sisi. Mwandishi wa maneno alikuwa na mlango huo. Mchoraji je?

WACHORAJI WA KISWAHILI

Hadithi za picha za Kiswahili zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Huko Kenya, Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu katika miaka ya 1950, akaendelea naye kwa zaidi ya miaka 50. Wasomaji wa Taifa Leo walizeeka naye. Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na jina hilo likawa neno la mitaani. Katika miaka ya 1970 likazuka jarida la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, na jina lake likatokana na majina yao. Humo ndimo walimokaa kina Madenge, Kipepe, Lodilofa na Ndumilakuwili. Mmoja wa wachoraji wake waliosifika sana, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Katika miaka ya 1980 akatokea kijana wa Dar es Salaam, Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kwa jina la Gado. Alianza kuchapishwa mwaka 1984, akahamia Nairobi mwaka 1992 kufanya kazi katika gazeti la Nation, na mwaka 1996 akatoa kitabu cha picha cha visa vya Abunuwasi.

Majarida hayo yalivuka bahari yakafika Unguja kwa boti, yakauzwa Darajani, na sote tuliyasoma. Ukiyatazama tena leo utaona kwamba karibu yote yanazungumza juu ya mtaa: mlevi, mlanguzi, mgeni wa mjini, mume na mke, bosi na karani. Hiyo si aibu hata kidogo. Katika miaka ya dhiki, watu walipopanga foleni kutafuta sukari na sabuni, Sani iliwachekesha na ikawasema wakubwa kwa njia ya mafumbo. Lakini anga haimo, au imo kwa nadra sana.

Waliothubutu kwenda huko walikuwa wachache. Frank Odoi, mchoraji wa Ghana aliyehamia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, alichora hadithi ndefu iliyoitwa Akokhan, yenye mashujaa wa nguvu za ajabu zilizotoka katika imani za Afrika Magharibi. Alifariki Nairobi Aprili 2012 katika ajali ya matatu. Kwa maneno matupu bila ya picha, marehemu Katama Mkangi wa Pwani ya Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995. Humo mtu mmoja aliyehukumiwa kufa anarushwa ndani ya chombo cha angani, naye badala ya kufa anajifunza kukiendesha, akafika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Kwa hivyo mlango haukuwa umefungwa kabisa. Ulikuwa mwembamba.

KWA NINI MLANGO ULIKUWA MWEMBAMBA

Sababu ya kwanza ni ya kazi yenyewe. Mchoraji wa mtaa akichora kibanda cha chai, benchi na birika, msomaji humalizia mwenyewe yaliyobaki, kwani anakijua kibanda hicho, anaijua hata harufu yake. Mchoraji wa anga hana msaada huo. Akichora chombo, hana budi achore mlango wake, taa zake, mavazi ya watu wake, na nchi wanayokwenda. Msomaji hajaviona, na asipoonyeshwa hataviamini. Kazi ya picha moja inakuwa kazi ya picha tatu, na malipo ni yaleyale.

Sababu ya pili ni nafasi. Kichekesho huisha katika visanduku vitatu au vinne, lakini safari ya angani inataka kurasa na miezi. Hadithi ya miezi inataka jarida linalotoka kila mwezi bila ya kukosa. Katika nchi ambayo karatasi ilikuwa adimu na mitambo ya kuchapia ilikuwa michache, jarida liliweza kutoka leo na kupotea miezi mitatu. Mhariri mwenye busara hakutaka kuanza hadithi ambayo hakuwa na hakika ya kuimaliza.

Sababu ya tatu ni ya Unguja peke yake. Majarida ya picha yalikuwa Dar es Salaam na Nairobi. Kijana wa hapa aliyejua kuchora aliishia kuandika mabango ya maduka, kuchora ramani za ukutani za walimu, au kuchapa jarida la skuli kwa saiklostaili, ambapo mstari mwembamba kwenye stensili ulitoka umechanika. Baadaye utalii ulipokua, soko la picha likawa la wageni, nao walitaka milango ya kuchonga, mashua na machweo. Mkono ulifuata palipo na riziki. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

MTU ALIYECHORA KILA SIKU

Sasa twende mbali kidogo. Intaneti ilipoenea katika miaka ya 1990, watu wa Marekani na kwingineko walianza kuzitoa katuni zao humo moja kwa moja, bila ya mhariri, karatasi wala kiwanda. Wengi wao walikuwa wa ridhaa. Katika hao nimemchagua Howard Tayler wa jimbo la Utah, kwa sababu kisa chake kinajibu maswali yetu moja baada ya jingine.

Tayler hakusomea uchoraji. Chuo kikuu alisomea muziki, na kazi yake ilikuwa katika kampuni ya programu za kompyuta iitwayo Novell. Tarehe 12 Juni, 2000, alitoa mtandaoni ukurasa wa kwanza wa hadithi yake ya anga, Schlock Mercenary, yaani Schlock askari wa kukodiwa. Picha zake za mwanzo zilikuwa dhaifu. Vichwa havikulingana na viwiliwili, na nyuso zilifanana. Shujaa mwenyewe, Sajini Schlock, ni kiumbe kisicho na umbo maalumu, kama donge la ufinyanzi lenye macho, na mtu aweza kusema kwamba kwa mchoraji asiyejua viungo vya binadamu huo ulikuwa uchaguzi wa akili.

Siku ya pili alitoa ukurasa mwingine. Siku ya tatu vilevile. Hakuacha kutoa hata siku moja mpaka tarehe 24 Julai, 2020, alipoifikisha hadithi mwisho wake. Ni miaka 20 na zaidi ya mwezi, siku zipatazo 7,300 na ushei. Ukifungua ukurasa wa mwanzo na ukurasa wa mwisho utadhani ni wa watu wawili. Aliufundisha mkono wake mbele ya macho ya wasomaji.

Aliwezaje? Kwanza, aliweka akiba. Hakuchora ukurasa wa leo leo. Alikuwa na kurasa za mbele zilizokwisha tayari, ili akiugua au akisafiri, msomaji asijue. Kila mkulima anajua maana ya ghala. Pili, hakuacha kazi yake mapema. Kwa miaka minne ya mwanzo alichora usiku na siku za mapumziko, huku mshahara ukimlisha yeye na watoto. Mwaka 2004 ndipo alipoacha kazi. Tatu, hakuwa peke yake. Mkewe, Sandra, ndiye aliyeshika hesabu, vitabu na vifurushi vya posta. Hadithi yenyewe ilisomwa bure mtandaoni, na riziki ikatoka katika matangazo na katika vitabu vilivyokusanya kurasa zilizokwisha kusomwa. Watu walivinunua ingawa walikuwa wameshazisoma. Kuanzia mwaka 2009 kazi yake ilipendekezwa mara kadhaa kwa tuzo ya Hugo, ambayo ndiyo kubwa katika hadithi za namna hiyo.

Na tusidhani kwamba ilikuwa mizaha na bunduki tu. Mapema katika hadithi ile, safari za mbali hupita katika milango ya angani inayomilikiwa na jamii moja tu. Wenye milango hutoza ushuru, na zaidi ya hayo huwanakili wasafiri kwa siri, wakaihoji ile nakala ili wajue siri za dunia nzima. Kisha mtaalamu mmoja akagundua njia ya kusafiri bila ya mlango, na badala ya kuiuza akaitangaza kwa kila mtu. Vita vikazuka. Mtu wa Unguja akikisoma kisa hicho hahitaji kufafanuliwa. Anaujua ushuru wa bandari na karafuu, anajua maana ya njia moja kushikwa na mmoja, na kama anaikumbuka Tunguu, anajua wasiwasi wa mwananchi anayejiuliza mitambo ya wageni inasikiliza nini.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mtu wa Utah aliibuni hadithi ya bandari za angani kwa kufikiri. Sisi tuliishi bandarini.

LEO HALI IKOJE

Ile sababu ya pili na ya tatu nilizozitaja hazina tena nguvu zilizokuwa nazo. Mkonga wa baharini ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilianza kuwa jambo la kila siku katika nchi yetu, na leo kijana wa Jang'ombe au wa Nungwi anaweza kupiga picha ya mchoro wake kwa simu na kuwafikia watu Muscat, Mombasa na Toronto kabla chai haijapoa. Hana haja ya stensili wala boti ya Dar es Salaam.

Lakini ile sababu ya kwanza ingalipo. Kazi ya picha moja bado ni kazi ya picha tatu. Muda haushuki bei kwa sababu ya intaneti. Data inalipiwa, umeme hukatika, na mama anauliza lini mtoto atatafuta kazi ya maana. Kwa hivyo atakayeifanya kazi hii Unguja atakuwa mtu wa namna ya Muhammed Said Abdulla na ya Tayler: mwalimu, karani, muuguzi au mhudumu wa hoteli, mwenye ukurasa mmoja kila usiku na ghala ya kurasa za mbele. Atahitaji mtu wa nyumbani anayemwamini, na kundi dogo la wasomaji wanaomngojea. Hayo mawili hayauzwi dukani. Jumuiya kama yetu inaweza kuyatoa.

PENDEKEZO

Naomba basi mkutano wetu ujao uyafikirie mambo matatu.

La kwanza, tukusanye kumbukumbu za Tunguu. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 Glenn alipopita, leo anaukaribia au ameuvuka umri wa miaka 80. Wapo wazee wa vijiji vya jirani, na huenda wapo miongoni mwetu, waliokiona kituo kikijengwa, waliobeba mizigo, waliopika, waliokilinda, au walioandamana kukipinga. Kila mmoja aandikwe kama alivyoona, bila ya kuchaguliwa upande.

La pili, jarida hili litenge kurasa nne kila toleo kwa hadithi za picha za wanafunzi walioko skuli sasa, kwa Kiswahili, na mwanafunzi atakayechaguliwa aahidiwe nafasi katika matoleo matatu mfululizo ili ajizoeze kuendeleza hadithi. Zawadi isiwe kikombe. Iwe karatasi nzuri, kalamu za wino na vocha za data.

La tatu, kumbukumbu tutakazokusanya wapewe wanafunzi hao wazisome. Wasilazimishwe kuzichora kama zilivyo. Mmoja ataiweka Tunguu katika mwaka 2162. Mwingine atampeleka mwanaanga Giningi. Wa tatu atamfanya yule daktari wa kituoni asikie sauti nyingine asiyoitarajia katika redio yake. Hayo ni yao.

Wenye kumbukumbu, picha za zamani au michoro iliyokaa sandukuni wampelekee Katibu kabla ya siku yetu ya mkutano. Wasiojua kuandika vizuri wasione haya, wapige simu tu, mtu atakwenda kuwasikiliza.